Kuhusu habari za korona humu kikundini WhatsApp

Ndugu zangu, salaam. Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze janga tarehe 11 Machi 2020, humu ndani hakulaliki. Idadi mpya ya wagonjwa ikitoka, mmoja analia, wa pili anatuma kikatuni kinachocheka, wa tatu anauliza kama korona ipo kweli. Kucheka sikatazi, hofu nayo hutafuta pa kutokea. Ila kwenye habari ya msiba, jamani, tuwe na staha.

Kinachonichosha ni zile sauti za “daktari” asiye na jina. Ile ya kubana pumzi sekunde 10 ujipime imeletwa mara kibao. Si kipimo: mwenye virusi anaweza kubana vizuri tu, na mwenye pumu akashindwa. Kitunguu saumu kizuri mbogani, hakizuii maambukizi. Na virusi havisafiri kwa mawimbi ya mtandao wa simu wa 5G.

Ukiona alama ya mishale miwili, ujue ujumbe huo umezunguka mno. Tangu Aprili 2020, WhatsApp yenyewe inauruhusu utumwe kwa mtu mmoja au kikundi kimoja tu kwa wakati. Ujumbe usipokuwa na chanzo, nitamwomba aliyeuleta aufute. Mwenye kinyongo anifuate pembeni, tusigombane hapa.