Karatasi za usaili zitunzwe hadi muda wa kwenda mahakamani uishe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo moja la usaili wa ajira za umma, ambalo naona limefunikwa na malalamiko ya kila siku kwamba nafasi zina wenyewe.

Ibara ya 22 ya Katiba inampa kila raia fursa na haki sawa ya kushika kazi yoyote iliyo chini ya Mamlaka ya Nchi. Anayeamini kwamba usaili uliendeshwa kinyume cha sheria anaweza kuiomba Mahakama Kuu kibali cha kufungua shauri la mapitio, ilimradi aombe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi anaoulalamikia. Wengi hawalijui hilo, na hata anayelijua hufika kwa wakili mikono mitupu, kwa sababu karatasi yake aliiacha katika chumba cha mtihani na alichobaki nacho ni alama iliyoandikwa mbele ya namba yake. Mahakama, kwa upande wake, haikai kusahihisha mtihani upya. Hupima kama utaratibu ulifuatwa, na utaratibu haupimiki pasipo kumbukumbu.

Yaliyotokea India yanatosha kututia hofu. Katika jimbo la West Bengal, mchakato wa mwaka 2016 wa kuajiri walimu na watumishi wengine wa shule ulipingwa mahakamani, ikabainika kuwa alama zilichezewa na kwamba karatasi halisi za majibu zilikwisha kuteketezwa. Aprili 3, 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilithibitisha kufutwa kwa ajira zaidi ya 25,000, ikisema mchakato mzima ulikuwa umechafuka kiasi cha kutorekebishika. Waliofaulu kwa jasho lao wakafutiwa ajira pamoja na waliobebwa. Ndiyo maana nasema karatasi iliyotunzwa humlinda aliyepata kazi kama inavyomlinda aliyeikosa, na humlinda pia msahihishaji mwaminifu, ambaye kwetu huwa wa kwanza kutupiwa lawama.

Hapa Dar es Salaam hatujasahau Juni 2014, maelfu ya vijana walipojazana Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Umati wa namna hiyo humkosesha hata mwendeshaji mwenye nia njema, na tangu hapo waombaji hawajapungua.

Kwa hiyo napendekeza Sekretarieti ya Ajira itunze karatasi zote walau hadi ile miezi 6 ipite, na shauri likifunguliwa, hadi limalizike. Majibu sahihi ya maswali ya kuchagua yatangazwe mara baada ya mtihani, na msailiwa aruhusiwe kuiona karatasi yake, hata kwa ada ndogo. Najua itasemwa kwamba maswali hutumika tena na hayafai kuanikwa. Kutunga mapya ni gharama, lakini ni nafuu kuliko kurudia usaili wa nchi nzima kwa amri ya mahakama. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tangu mwaka 2016, nami sioni kwa nini karatasi ya mtu ihesabiwe siri mbele ya mwenyewe aliyeiandika.

Ningeshukuru Sekretarieti ikijibu kupitia ukurasa huu: baada ya matokeo kutangazwa, karatasi hizo hukaa kwa muda gani, na ni nani huidhinisha ziteketezwe?

Msomaji wako,
Sinza, Dar es Salaam