Topiki ya ramani isitolewe shuleni

Ndugu Mhariri, salamu kutoka Boise, Idaho huku Marekani. Kuna msomaji aliandika humu kwamba kusoma ramani kwenye jografia kutolewe mashuleni maana siku hizi kila mtu ana simu, mimi nakataa kabisa.

Kazi yangu ni kupeleka majani ya ng'ombe kwenye ranchi za kaunti ya Owyhee. Nchi ya juu, kame, vichaka vya kijivu mpaka macho yanachoka halafu ghafla ardhi imepasuka, korongo la kutisha ambalo kwa mbali hulioni. Mwaka jana simu ikanionyesha njia fupi nikaifuata, mtandao ukakata, mbele barabara imeishia ukingoni na ranchi naiona ile paleee ng'ambo. Kugeuza gari lenye tela pale nilisali.

Nilipofika mzee mwenye ranchi akanitolea ramani yake ya zamani ya USGS, lile shirika la serikali ya Marekani la upimaji wa ardhi, skeli 1:24,000 yaani sentimita moja ni mita 240, imechakaa mpaka mikunjo imetoboka. Pale kwenye korongo kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, zimebanana zikawa kama doa la kahawia, aliyesoma kidato cha tatu akaelewa angejua tu hapa gari halipiti. Na si miinuko peke yake, mto wa msimu umechorwa bluu ya kukatika katika, chemchemi imo, malambo ya ng'ombe yamo, vinu vya upepo vya kuvuta maji, na kwenye nchi kame vile ndo vitu vyenyewe mtu anavyotafuta!! USGS walichora hivyo zaidi ya ramani 55,000 kwa majimbo 48 yaliyoungana, yaani bila Alaska na Hawaii, wakamaliza 1992. Hizi mpya zilizoanza 2009 zinatoka kwenye kompyuta, nzuri, ila seng'enge na mabomba hazionyeshi, ndo maana mzee ile yake haiachii. Zote unapakua bure, mimi nimeprinti za njia zangu zote ziko kwenye gari.

Sasa nikikumbuka sisi tulivyokariri ile shiti, yaani karatasi ya ramani, ya 1:50,000 kwa ajili ya mtihani tu naumia. Walimu wa jografia naomba, msiwakaririshe watoto, watoeni nje na shiti ya eneo lao wenyewe wakakitafute kilima na korongo kwa miguu.

Msomaji wenu,
Boise, Idaho