Barua kwa Neema

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi shoga yangu. Sisi huku hatujambo, na mtoto kikohozi kimemwachia.

Umeuliza ile sinema bubu ya magari niliyokugusia kwenye simu. Inaitwa The Roaring Road, ya Marekani, mwaka 1919, na mwongozaji wake ni James Cruze. Wallace Reid anaigiza kijana muuza magari, wenyewe wanamwita Toodles. Anataka mambo mawili: kuendesha gari la mashindano na kumuoa binti wa bosi wake. Bosi, kwa jina la utani Dubu, yote mawili hayataki. Basi treni iliyobeba magari ya mashindano inapata ajali, magari yanageuka chuma chakavu. Toodles anavinunua vyuma hivyo, anaunda gari moja, anaingia nalo mbio za Santa Monica na kushinda! Mbio hizo zilikuwepo kweli, tangu 1909, kwenye barabara za kawaida karibu na bahari. Gari halina paa, na fundi kakaa ubavuni mwa dereva anapigwa vumbi. Mtu unajishika kiti.

Mapenzi yenyewe, nikwambie ukweli, ni mepesi. Ann Little, anayeigiza binti wa bosi, hakupewa kazi kubwa zaidi ya kutabasamu na kusubiri. Anayeibeba sinema ni mzee Dubu, Theodore Roberts. Akikunja uso tu umeshajua anachosema, maandishi ya maneno yake hata hayajatokea kwenye skrini.

Ila kuna jambo lililonikaa. Mwaka huohuo wa 1919 Reid aliumia kwenye ajali ya treni ya kweli, akiwa kwenye kazi ya sinema nyingine. Akapewa mofini, dawa kali ya maumivu, ili asisimamishe kazi, na mofini ikamshika asiweze kuiacha. Alifariki Januari 1923, miaka 31 tu. Mkewe, Dorothy Davenport, alitoa sinema ya kupinga dawa za kulevya kabla mwaka haujaisha. Niliporudia kutazama, kile kisa cha treni kinachomfungulia Toodles bahati sikuweza kukicheka tena.

Itafute mtazame na shemeji. Yeye mwachie mbio, wewe mkazie macho Dubu. Kisha niandikie: Toodles ungemwoza binti yako? Dada anasema angemwoza siku hiyohiyo, mimi nimekataa, na ubishi haujaisha hapa nyumbani.

Wako,
Mwanaidi