Picha ya dola 200 si wizi, ila tunataka maandishi

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu mmoja wa Katuba aliandika kwamba kijana wetu anayeuza picha za nyeusi na nyeupe kwa dola 200 kila moja anawaibia watu, kwa kuwa negativu, ile filamu ambayo nakala zote hutoka kwayo, ni ile ile na akitaka anatoa nakala elfu. Naomba nafasi nimjibu kwa heshima, maana mambo ya labo, kile chumba cha giza cha kusafishia picha, nayajua. Baba yangu alikuwa na studio hapa Kamalondo, na mimi ndiye niliyemsafishia picha tangu usichana wangu hadi alipofunga mlango.

Picha inayosemwa nimeiona kwa macho, si kwenye simu. Mama muuza makala, yaani makaa ya kupikia, amekaa kati ya magunia yake, na kwa mbali liko bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na lile lundo jeusi la masalio ya shaba ambalo kila mtu wa Lubumbashi analijua. Ukiitazama kwenye simu, magunia na lundo vyote ni doa moja jeusi. Kwenye karatasi, kila gunia lina weusi wake. Unaona kamba zilizoshonwa mdomoni, na kwenye mteremko wa lundo unaona mifereji iliyochimbwa na mvua.

Hayo hayakuja yenyewe. Chini ya mashine ya kukuzia, inayomulika negativu juu ya karatasi, kijana alikinga mwanga kwa mkono pale penye magunia ili yasizame kwenye weusi, kisha akaiongezea mbingu mwanga ili isitoke nyeupe tupu. Mkono huo lazima uchezecheze muda wote, ukitulia kidogo tu unaacha alama. Ndipo karatasi inaingia kwenye dawa ya kwanza, chini ya taa nyekundu, beseni likitikiswa polepole. Inafuata dawa ya kusimamisha, yenye harufu ya siki, na mwisho dawa ya kukaza, inayoondoa chumvi za fedha ambazo hazikupata mwanga. Weusi unaobaki ni fedha yenyewe, madini hasa, ndani ya karatasi.

Halafu maji. Hapa kwetu kazi ni hapo. Karatasi nzito anayotumia, ile ya Ilford inayotoka Uingereza, hunywa dawa hadi ndani, nayo inataka karibu saa moja ya maji yanayotembea. Bomba likikauka inabidi ununue maji kwa bidoni na ubadilishe beseni baada ya beseni, usiku kucha ikibidi. Fungueni albamu za wazazi wenu mtazame picha za harusi zilizogeuka njano na kuota madoa ya kahawia. Nyingi ni dawa iliyobaki ndani kwa sababu studio zilikuwa na haraka ya kumridhisha mteja wa Jumamosi. Za kijana huyu nilizitazama pembeni na mgongoni. Ni safi.

Kwa hiyo nakala elfu si jambo la kubonyeza kitufe. Ansel Adams wa Marekani alipiga mwaka 1941 picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, na maishani mwake akaisafisha zaidi ya mara 1,300. Mbingu ya zile za mwanzo ina mawingu hafifu, ya zile za baadaye ni nyeusi tititi. Negativu moja, mikono ile ile, na bado picha hazikufanana.

Lakini ndugu yangu wa Katuba ana haki mahali pamoja. Adams hakumwahidi mtu idadi. Kijana wetu ameahidi: nyuma ya niliyoiona kuna 4/12 kwa penseli, yaani nakala ya nne kati ya 12, na saini. Anayetoa dola 200 katika mji huu ananunua picha pamoja na ile 12. Je, kesho akitoa nyingine 12 za saizi kubwa zaidi, aseme hizo ni hesabu nyingine? Ufaransa, sheria ya kodi inaikubali picha kuwa kazi ya sanaa ikiwa imesafishwa na msanii mwenyewe au chini ya usimamizi wake, ikatiwa saini na namba, na zisizidi 30, saizi zote zikihesabiwa pamoja. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayoyapenda. Saizi zote pamoja! Na sisi tuige. Kijana aandike karatasi: jumla ni 12, saizi zote ndani, nakala za kwake binafsi ni ngapi, zilisafishwa mwaka gani, kwa karatasi gani.

Kuna wanaosema njia ya kweli ni kuikata negativu mbele ya wanunuzi. Brett Weston, Mmarekani mwingine, alichoma sehemu kubwa ya negativu zake mwaka 1991 alipotimiza miaka 80, kwa sababu hakutaka mkono mwingine uzisafishe. Namheshimu, lakini hapa kwetu nalikataa jambo hilo kabisa. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, alizichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi wa enzi ya Wabelgiji akaziweka juu ya magofu ya viwanda vya leo, na dunia ikatazama. Angezitoa wapi kama mtu angezichoma? Yule mama wa makala ni mtu wa mji huu. Wajukuu wake watamtafuta siku moja.

Negativu iwekwe kwenye sanduku kavu pamoja na ile karatasi ya ahadi, na juu yake paandikwe kwamba haitasafishwa tena kwa kuuzwa. Na moja kati ya zile 12 ipelekwe kwenye Makumbusho ya Taifa hapa hapa Lubumbashi, kabla zote hazijapanda ndege kwenda Brussels na Paris. Kama fedha ya kuilipia haipo, tuchangishane, mimi nitakuwa wa kwanza kutoa.

Na waliokwisha kununua wapewe karatasi hiyo pia, hata kama picha iko tayari ukutani.

Binti wa mpiga picha,
Kamalondo, Lubumbashi