Mgeni wa sayari nyingine aanzie kwa mwenyekiti wa kitongoji

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na waandishi wa hadithi za mfululizo, hasa wale wanaopenda kisa cha wageni kutoka sayari nyingine: wana sura za watu, wamejificha katika mji mdogo, wana uwezo wa kunyanyua magari au kuponya kwa kugusa, na majirani wameanza kuwatilia shaka. Ni kisa kizuri na kinatufaa, kwa sababu hakuna mahali mgeni anapochunguzwa kama miji yetu midogo. Lakini mara nyingi mwandishi humaliza jasho lake lote kwa mgeni na nguvu zake, na mji anautaja jina tu. Mji wenyewe ndio mtambo wa hadithi hii. Ukiujenga vizuri, mgeni atabanwa na kitabu cha gesti kabla hajaonyesha muujiza wowote.

Safari ya angani isikuchukue zaidi ya mistari miwili. Nyota iliyo jirani yetu kuliko zote baada ya Jua, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24. Chombo cha Voyager 1 kinakwenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, na hata kwa mwendo huo kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kufika huko. Ukianza kueleza injini, msomaji wa sekondari atakukamata. Sema wamefika, chombo kimeharibika, basi. Hilo msomaji anakusamehe. Hakusamehe ukimlaza mgeni gesti usiku wa kwanza bila mhudumu kumsukumia lile daftari kubwa lenye mistari iliyochorwa kwa rula: jina, kabila, anatoka wapi, anakwenda wapi, kazi, namba ya kitambulisho, saini.

Tukae hapo kwenye daftari, maana ni mali. Chukua mji mdogo wa Kibaigwa, kwenye barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, wenye soko la mahindi linalojulikana nchi nzima. Msimu wa mahindi wageni ni wengi, madereva na madalali na wabeba mizigo, na mtu mmoja zaidi haonekani. Soko likipoa anabaki peke yake, na kila mtu anajua chumba chake. Kwa hiyo mwingize mjini wakati wa msimu, na shaka ianze magunia yakishakwisha.

Kwenye safu ya kabila waandishi wengi humwandikisha mgeni kabila la mbali, wakidhani umbali unamficha. Unamfichua. Mji mdogo una mwalimu, muuguzi, askari na bwana shamba, na watumishi hao hupangwa kutoka pembe zote za nchi. Akijiandika Mhaya, kabla ya saa nne asubuhi mwalimu Mhaya ameshaambiwa kuna ndugu yake gesti, naye atakuja kwa furaha kabisa kumsalimia kwa lugha ya nyumbani. Huyo mwalimu mwenye furaha anatisha kuliko askari mwenye bunduki. Mwandishi anayejua kazi yake atampa mgeni malezi ya mjini, wazazi wa makabila mawili na kilugha asichokijua. Hata hapo ataulizwa, "Ukoo gani?"

Kitambulisho nacho. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo kila mgeni wa hadithi lazima achague umri na ashikamane nao. Laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole, na zile zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Mgeni wako akiwa na simu katika sehemu ya tatu, tueleze vidole vya nani vilisajili. Jibu la kawaida mtaani ni kwamba kuna mtu alimsajilia kwa vidole vyake. Hilo ni kosa la jinai, na kwa hadithi ni hazina: sasa yuko mtu mmoja mjini mwenye sababu ya kunyamaza, na siku akitishwa atakuwa na sababu ya kusema.

Umri uliochaguliwa unaleta shikamoo. Kiumbe mwenye miaka 300 na sura ya kijana wa miaka 22 anapaswa kumwamkia mama wa miaka 50, na kuitika marahaba kwa watoto tu. Afanye kosa mara moja, asubuhi, bila kufikiri: bibi anapita na ndoo, yeye anasubiri aamkiwe. Hakuna atakayesema "huyu si binadamu". Watasema hakulelewa. Shaka ya mji mdogo huanzia hapo, kwenye adabu, na ukiirukia moja kwa moja hofu ya damu na mauaji umeacha nusu ya njia.

Sasa nguvu zake. Kila nguvu iwe na kipimo na iache alama, na alama hiyo iwe kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kukikuta asubuhi. Mfano unaopendwa ni lori kumwangukia mtu na mgeni kulinyanyua. Lori lenye mzigo, jumla tani 10, likinyanyuliwa mita moja linahitaji joule 98,000, sawa na kilokalori 23, yaani kama robo ya ndizi mbivu. Kwa hiyo usituambie alizimia kwa njaa. Ugumu uko kwenye muda: kulinyanyua kwa sekunde moja ni kazi ya injini ya nguvu farasi 130. Ugumu mwingine uko chini ya miguu, na hapa ndipo karibu kila mswada unapoteleza. Uzito wa lori haupotei. Unapita mwilini mwake na kushuka ardhini. Nyayo mbili zina eneo la sentimita za mraba 400 hivi. Kila sentimita ya mraba inabeba kilo 25. Udongo uliolowa hauvumilii hata sehemu ndogo ya mzigo huo. Basi asubuhi, lori likishaondolewa na watu wakishatawanyika, mama anayekwenda bombani anakuta mashimo mawili yenye umbo la unyayo, yamezama hadi juu ya kifundo, kingo zake zimekatika safi kama tofali lililotolewa kwenye kalibu, na ndani kumetuama maji. Anaweka mguu wake pembeni kulinganisha. Mashimo hayo ni sehemu nzima ya hadithi, na hakuna aliyetamka neno. Ukitaka mgeni anyanyue kwa mawazo bila kugusa, bado useme uzito umekwenda wapi.

Sokoni kosa ni dogo zaidi. Gunia la mahindi ni kilo 100, na lumbesa inazidi hapo. Kuli mzoefu analibeba, lakini angalia anavyolipokea: wenzake wawili wanamtwika, anapinda goti, anatafuta mizani ya mgongo, ndipo anaondoka kwa hatua fupi za haraka. Mgeni anaweza kubeba gunia moja kama wenzake na bado akajulikana, kwa sababu hakupinda goti.

Uponyaji na zahanati vinahitaji uangalifu. Tumeona mara nyingi mgeni anapimwa malaria na kipimo kinagoma, muuguzi anashtuka. Kipimo cha haraka hakifanyi hivyo. Tone la damu, maikrolita 5 tu, linawekwa kwenye kidirisha chake, matone ya bafa, kimiminika cha kuisukuma damu, kwenye kingine, unasubiri dakika 15 hadi 20 kufuatana na aina. Mstari wa T unasubiri protini ya vimelea. Mstari wa C, unaoonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi, unanasa kemikali iliyomo ndani ya kipimo chenyewe. Kimiminika kikisafiri hadi mwisho, C inatokea hata kama damu si ya mtu. Mgeni atasomeka hana malaria na atarudi nyumbani kwa amani. Atakayemkamata ni darubini. Kwenye tone nene lililotiwa rangi ya Giemsa chembe nyekundu huwa zimeshapasuka, na mpimaji huhesabu vimelea akilinganisha na chembe nyeupe 200. Asipoona hata chembe nyeupe moja, hatapiga kelele. Atadhani tone limeoshwa na maji, naye atamwita mgonjwa arudi kuchomwa tena. Mgeni akikataa kurudi, mhudumu wa zahanati ana shangazi, na shangazi ana genge la nyanya. Hivi ndivyo habari inavyotembea, kwa kutoelewa kudogo kudogo.

Kusoma mawazo tunashauri kuepukwa, au kubanwa sana. Watu wa Kibaigwa wanafikiri kwa Kigogo, kwa Kiswahili, kwa Kikaguru, kwa hesabu za bei. Kama mgeni alijifunza Kiswahili peke yake, atasikia nusu.

Kwa mfululizo wa sehemu 12 za maneno 1,000 hivi, kosa moja kwa kila sehemu linatosha, na liwe dogo kuliko unavyodhani. Panga pia nani analiona. Watoto huona kwanza na hawaaminiwi. Kisha mama wa mgahawa, kwa sababu anajua nani anakula nini na anaacha nini. Bodaboda wanajua nani alishushwa wapi usiku. Kikao cha mwenyekiti wa kitongoji kije katikati, baada ya sehemu ya sita, na kiwe kikao kweli: chenye ajenda, chenye mzee anayemtetea mgeni kwa sababu alimsaidia kusukuma mkokoteni, na chenye mtu anayemsema vibaya kwa sababu alimnyima kibarua.

Na uwepo msiba. Mgeni asiyefika msibani amejihukumu mwenyewe, hakuna maelezo yatakayomwokoa. Akifika, jina lake na kiasi alichotoa vinaandikwa kwenye daftari la rambirambi na kusomwa mbele za watu. Vijana wanaingia kaburini kwa zamu, kila mmoja akichimba kidogo anapokewa jembe. Mgeni anachimba. Mtu anasema, "Mpokeeni." Anaendelea. Wanamwambia tena, na hapo anaona wenzake wote wamesimama ukingoni, wanatazama kifua chake kisichohema.

Tumefika kwenye jambo linalotufanya tuandike barua hii. Hadithi ya mgeni mwenye uwezo wa ajabu si ngeni kwetu. Neno mumiani lilikuja pwani na biashara ya Bahari ya Hindi likiwa jina la dawa nyeusi kama lami, kisha likawa jina la mtu anayedaiwa kukinga damu za watu. Enzi za ukoloni, Nairobi na Kampala, watu waliwaogopa wazimamoto kwa madai hayohayo: sare, gari, mipira mirefu, kazi za usiku. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, kiumbe anayedaiwa kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, iliwatoa watu wa Pemba majumbani wakalala nje makundi kwa makundi. Ikavuka hadi Unguja, na huko umati ukamuua mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili. Tarehe 1 Oktoba 2016, Iringa-Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao waliuawa na kuchomwa moto, wakidhaniwa wanyonya damu. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, uvumi wa aina hiyo uliufanya Umoja wa Mataifa uwaondoe wafanyakazi wake Mulanje na Phalombe.

Hivyo hadithi ambayo umati unachukua tairi na petroli, na mwisho msomaji anaonyeshwa kwamba umati ulikuwa sahihi, tunaomba isichapwe, hata ikiwa imeandikwa kwa ustadi. Hatusemi mji uwe mjinga. Mji uwe na akili, uone kweli, ujue kabisa kwamba mtu huyu si wa kawaida. Lakini mwandishi aweke humo ndani mtu wa pili, asiye na hatia, anayeshukiwa kabla ya mgeni mwenyewe. Tunapendekeza mchukua sampuli za udongo, na kazi yake ielezwe hatua kwa hatua. Anapita shambani kwa kukatakata kona, si kwa mstari mnyoofu. Anatoboa sehemu 10 hadi 15 kwa kekee, kila mara sentimita 20 kwenda chini. Udongo wote anaumimina kwenye ndoo safi ya plastiki, anavunja mabonge, anachanganya, anachota nusu kilo, anafunga kwenye mfuko wenye karatasi ya jina la shamba, kina na tarehe. Unaobaki anaurudisha kwenye mashimo. Kabla ya yote hayo amepita halmashauri, kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji, na barua yake ina muhuri. Msomaji aliyeyasoma hayo katika sehemu ya nne, akimfikiria mgeni wa sayari nyingine tu, atakuwa ameshajua mtu mwenye ndoo na kekee anafanya nini.

Kwako Mhariri ombi ni moja. Sehemu za hadithi hupigwa picha na kusambazwa kwenye simu, ya saba ikifika mahali ambapo ya kwanza haikufika. Maneno "hadithi ya kubuni" yawe juu ya kila sehemu, na yarudiwe katikati ya ukurasa, ili yabaki hata mtu akipiga picha ya nusu yake.

Wahariri wa miswada ya hadithi,
Dodoma