Risala ya Wauguzi wa Wodi ya Wagonjwa Mahututi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mganga mfawidhi, madaktari, wauguzi wenzetu, na ndugu wa wagonjwa mliofika,

Tunakushukuru kwa dhati kuitikia mwaliko wetu. Tunajua una majukumu mengi, hivyo historia tutaipitia haraka. Umoja wetu ulianza na wauguzi 5 waliochanga kununua miswaki ya wagonjwa wasiojiweza. Leo tuko 21.

Mafanikio ni makubwa. Kila zamu wagonjwa wote husafishwa kinywa, maana mate yenye vijidudu ndiyo huteremka mapafuni. Mgonjwa wa kiharusi halishwi chochote kabla ya kupimwa kama anaweza kumeza. Puto la mpira wa kupumulia, lile linaloziba kooni ili mate yasiteremke, hukaguliwa presha. Wodi nyingine zinakuja kujifunza kwetu, na katika hili hakuna inayotufikia.

Mheshimiwa, jambo hasa lililotufanya tukuite ni vitanda. Tunavyo 8, na vinavyoinuka upande wa kichwa ni 2 tu.

Mgonjwa asiye na fahamu, mwenye mpira wa kulishia, akilazwa chali, chakula na tindikali ya tumbo hupanda kooni na kuingia mapafuni. Mtu mzima wa afya akipaliwa hukohoa mpaka machozi yamtoke. Huyu hupaliwa kimya kimya. Tunakuja kujua baadaye, homa imepanda, makohozi yamebadilika rangi, oksijeni inashuka. Mwaka 1999 watafiti wa Barcelona, Hispania, walichapisha matokeo ya wagonjwa 86 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Kati ya waliolazwa chali, asilimia 34 walishukiwa kupata nimonia. Kati ya walioinuliwa kwa nyuzi 45, asilimia 8.

Sisi tunainua kwa blanketi. Tunakunja 4, tunazisukuma chini ya godoro. Ikifika saa nane usiku mgonjwa ameshateleza, kidevu kimegusa kifua. Tunamvuta watu wawili, tunaanza upya, na huku mgonjwa wa kitanda cha jirani naye anateleza.

Kuna baba mmoja alikuwa ameanza kuachishwa mashine. Akapaliwa usiku, akarudishwa kwenye mashine kwa siku 11 zaidi. Kila siku ilikuja na malipo yake: kitanda, oksijeni, antibayotiki za mshipa, eksirei, vipimo vya damu. Mkewe alitujia na mfuko wa risiti, akaomba tumtenganishie zipi ni za ugonjwa uliomleta mumewe na zipi ni za ule alioupata humu ndani. Tulishindwa kumtazama usoni. Mheshimiwa, kitanda hununuliwa mara moja kikatumika miaka. Nimonia hii hulipiwa upya na kila familia, na wengine hulipa wakaishia kuchukua maiti.

Ombi hili si geni mahali hapa. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi vitanda 6 kabla ya mwezi kwisha, tukampigia makofi. Wa mwaka jana akasema ahadi hiyo ataifuatilia yeye mwenyewe, tukapiga tena. Tulihamisha hata kabati la dawa ili vipite mlangoni. Kabati bado liko koridoni. Umepishana nalo ulipoingia. Tunawaheshimu wote wawili na hatutilii shaka nia zao, ila wagonjwa wetu bado wamelala chali.

Tunaomba vitanda 6 vinavyoinuka kichwa. Kama haviwezekani kwa mkupuo, tupatie 2 tuanze navyo, tutaviweka kwa wale walio kwenye mashine. Daftari la wageni liko mbele yako. Kwa heshima zote, pamoja na sahihi yako, tunaomba uandike na tarehe ya kuvileta.

Tunaomba kuwasilisha.

Wauguzi, Wodi ya Wagonjwa Mahututi