Kwenu makarani wa dirishani benki mliopewa barua za kupunguzwa kazini

Wanangu,

Marahaba. Najua shikamoo zenu ziko njiani, maana miaka yote niliyopanga foleni mbele ya madirisha yenu, wengi mliniita bibi na kunipitisha mbele ya vijana wenye haraka. Sijasahau.

Naandika kwa sababu ya mjukuu wangu. Alikaa dirishani miaka tisa katika benki moja, na mwezi uliopita akapewa barua, yeye na wenzake. Sababu mnaijua kuliko mimi: watu wanaweka na kutoa pesa kwa wakala wa dukani, bili zinalipwa kwa simu, na ile foleni ya mwisho wa mwezi iliyokuwa ikifika mpaka kwenye ngazi za nje siku hizi haijazi benchi moja.

Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili akaenda studio kupiga picha, suti ya bluu, mikono kaifumbata kifuani kama mtu anayesikia baridi. Akaiweka LinkedIn, akaiweka WhatsApp, na chini yake akaandika: Mtaalamu wa Fedha, Mshauri wa Biashara, Mjasiriamali, Mhamasishaji. Akaniletea simu nione. Nikavaa miwani, nikasoma mara mbili, nikamuuliza, "Mama, mtu akiamka kesho na shida, atakuja kwako na shida ipi?"

Alikaa kimya. Akacheka, halafu akalia kidogo. Nasikia na wenzake wana picha kama ile, ndiyo maana barua hii nawaandikia wote.

Mimi nilikuwa mhazili. Neno hilo vijana hamlitumii tena, mnasema katibu muhtasi. Nilisoma Chuo cha Uhazili Tabora, nikatoka na hatimkato, yale maandishi ya mkato ya kunasa maneno ya mtu anaposema, ya maneno 100 kwa dakika na vidole visivyohitaji macho. Nikaajiriwa na shirika la umma hapa Tanga, nikakaa mlangoni kwa meneja miaka 16. Tulichapa kwa kaboni nakala tano. Ukikosea herufi moja juu, umekosea tano. Miaka ya 1990 serikali ilipoanza kuyarekebisha mashirika, mengine yakauzwa, mengine yakafungwa, na sisi tukapunguzwa. Ndivyo walivyosema, kupunguzwa, kama vile tulikuwa chumvi iliyozidi kwenye mchuzi.

Fedha ziliniuma, lakini jina liliniuma zaidi. Mtaani nilikuwa Mama Shirika. Sasa shirika halipo, mama ni wa nini? Kwa muda wa miezi miwili, na hili sikuwahi kuwaambia hata wanangu, niliamka asubuhi, nikavaa blauzi yangu ya ofisini, nikachukua mkoba, nikaenda kukaa Raskazone kutazama bahari mpaka saa tisa alasiri. Kisha narudi nyumbani kama mtu aliyetoka kazini. Mume wangu, Mungu amrehemu, alijua. Kila jioni alinipa pole ya kazi.

Walipopiga mnada vifaa vya ofisi nilinunua taipureta yangu mwenyewe, ile ile, yenye herufi M iliyolegea. Nikaomba baraza la nyumba moja Ngamiani, nikaweka meza, nikamlipa fundi rangi akaniandikia kibao: KATIBU MUHTASI MWANDAMIZI. HUDUMA ZOTE ZA KIOFISI. Kibao kizuri, cha bluu na nyeupe. Siku kumi na moja hakuja mtu.

Siku ya kumi na mbili alikuja mzee mmoja na karatasi kaikunja ndani ya kofia. Akasimama, akakisoma kibao taratibu, akanitazama, akaniuliza kwa heshima kabisa: "Mwanangu, huyu katibu anafika saa ngapi? Nina shida ya mtu wa kuniandikia barua ya kiwanja."

Alidhani mimi nalinda meza ya mkubwa fulani.

Nilimwandikia barua yake pale pale, na jioni nikamwita fundi afute kibao. Tuliandika upya: NAANDIKA BARUA, MAOMBI NA MIKATABA. UNASUBIRI, UNAONDOKA NAYO. Kabla ya wiki kuisha nilikuwa na benchi la watu. Kibao cha kwanza hakikuwa na uongo hata neno moja. Kilikuwa kimeandikwa kwa lugha ya nyumba niliyokwisha kuhama, na mpita njia hakujua aingie kwa mlango gani.

Sasa rudini kwenye ile suti ya bluu. Nilimuuliza mjukuu wangu pale dirishani alikuwa akifanya nini. Akasema, "Nilikuwa nahudumia wateja." Nikamwambia hayo ni maneno ya fomu, nieleze mikono yako ilifanya nini. Tulikaa mpaka saa nne usiku, na mengine aliyoyasema nilikuwa siyajui. Kwamba kidole gumba chake husimama chenyewe kikigusa noti bandia, kabla macho hayajaona kitu. Kwamba jioni wakifunga hesabu, ikipungua elfu mbili hakuna anayeondoka mpaka ionekane ilikopotelea. Kwamba aliwahi kumchelewesha kwa makusudi bibi mmoja aliyekuja kutoa akiba yake yote akiwa na kijana asiyemjua vizuri, mpaka meneja akaja, na kijana akatoweka. Kwamba alijua kumjazia fomu mtu asiyejua kusoma bila wa nyuma yake kugundua.

Nikamwambia, mama, hayo yote hayamo kwenye picha yako.

Tazameni waliowazunguka. Kikundi changu cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana, kina sanduku la kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, ulinzi safi kabisa. Daftari je? Daftari analielewa katibu peke yake, na mwaka juzi tuligombana miezi sita kwa ajili ya shilingi 84,000 ambazo hatimaye ilionekana ziliandikwa mara mbili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi kama vyetu daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Maana yake katiba, kumbukumbu, hesabu zinazosomeka. Akina mama wanauza vitumbua, wanajua kukopeshana, hawajui kufunga mwaka. Nyinyi mmefunga hesabu kila siku ya kazi kwa miaka. Na maduka ya hapa mjini ni yale yale: mwenye duka ana risiti za mashine, ana daftari la madeni, ana pesa kwenye laini tatu za simu, na hajui kama mwezi huu amepata au amekula mtaji.

Mjukuu wangu alifuta yale majina manne. Siku hizi ameandika: Nafunga hesabu za vikundi na maduka. Nimekaa dirishani benki miaka tisa. Suti ameiacha, na mimi sina neno na suti, mikono tu nilimwomba aishushe.

Ila msijiite wahasibu kama hamjasajiliwa. Jina hilo lina wenyewe, NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ndio wanaolitoa, na mlango wa mitihani yao uko wazi kwa anayetaka kulipata kwa haki. Na msiondoke na orodha ya wateja wa benki kwenye simu zenu. Mimi nilichapa barua za siri za shirika miaka 16, za kufukuza watu na za kuwapandisha, na mpaka leo sijamwambia mtu yaliyokuwamo. Nusu ya walioniletea mikataba yao barazani waliniletea kwa sababu hiyo, nadhani kuliko kasi ya vidole.

Kabla ya picha, karatasi. Hili nalipitia haraka kwa kuwa vijana hamsomi barua za mwajiri mpaka mwisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa hati ya utumishi, idai. Kiinua mgongo hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kwa miaka isiyozidi 10. Ukiona umeachishwa isivyo haki, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Nimeona watu wakizimaliza siku hizo wakitafuta mpiga picha.

Halafu lile la aibu. Wakati nilipokuwa nakwenda Raskazone kujificha, watu niliokuwa nawakimbia ndio hao hao ambao wangenisaidia. Dereva wetu wa zamani wa shirika ndiye aliyesambaza habari zangu kwa wenye malori na mikataba yao, na aliniambia, "Mama, tulidhani umepata kazi Dar, kila asubuhi tunakuona umevaa." Miezi miwili hiyo! Waambieni watu. Kwenye usaili mkiulizwa kwa nini mliondoka, semeni tulipunguzwa, mumtazame mtu usoni, mkae kimya. Mtu asiyeeleza sana ndiye anayeaminika. Kisha watafuteni watu watatu waliowaona mkifanya kazi, mteja mmoja awemo, muwaulize wanakumbuka nini kwenu. Mjukuu wangu alidhani watasema ana tabasamu zuri. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisema, "Wewe ndiye uliyenirudishia elfu hamsini niliyozidisha bila kujua." Huyo sasa ni mteja wake wa kwanza.

Msidhani nawafundisha kama mtu aliyefaulu moja kwa moja. Kijana wa baraza la pili alipoleta kompyuta, nilishikilia taipureta yangu miaka miwili mizima. Nilisema herufi za kompyuta hazina uzito, karatasi haishiki wino, umeme ukikatika utaandika na nini. Ukweli niliogopa kuonekana mwanafunzi nikiwa na miaka 48, tena mbele ya wateja wangu. Benchi likapungua mpaka likabaki na wazee wawili waliokuja kupiga soga. Siku moja nikamsikia kijana anabishana na mteja ambaye barua yake imerudishwa halmashauri. Nikaisoma. Hakuweka Kumb. Na., yaani namba ya kumbukumbu, wala "Yah", ule mstari wa kusema barua inahusu nini, na mwombaji alikuwa mtumishi ambaye barua yake ilipaswa kwenda kupitia kwa mkuu wake, nayo imekwenda moja kwa moja. Nikamrekebishia kwa kalamu. Tukakubaliana: yeye anifundishe kuwasha ile mashine, mimi nimfundishe barua. Nilipoweka vidole juu ya kibodi, wanangu, nilikuta herufi zimepangwa vile vile kama kwenye taipureta. Miaka miwili nimeogopa kitu ambacho vidole vyangu vilikuwa vinakijua.

Tulifanya kazi pamoja miaka tisa, kibao kimoja. Yeye sasa ana steshenari yake kubwa na bado ananiita mwalimu, jina ambalo sikulisomea wala sikulitafuta.

Jumamosi nitakuwa barazani kuanzia saa tatu asubuhi. Mwenye barua yake ya kupunguzwa aje nayo tuisome pamoja, na mwenye yale majina manne chini ya picha aje nayo pia. Njooni na kalamu, zangu huibwa.

Ninapoandika haya mjukuu wangu yupo sebuleni, kakaa kwenye mkeka, risiti za yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi kazimwaga kutoka kwenye mfuko na kuzipanga kwa tarehe mpaka mlangoni, hakuna pa kupita. Anatafuta shilingi 2,300. Nimemwita kula mara tatu, wali umeshapoa.

Bibi yenu,
mhazili wa zamani,
Ngamiani, Tanga